Kabla Hujachomoa

Mstari wa kijani ukifika asilimia mia moja, kompyuta haijakwambia kwamba kazi imekwisha. Imekwambia kwamba mzigo umepokelewa. Kati ya kauli hizo mbili ndipo zinapopotelea tasnifu za watu, picha za harusi na hesabu za VICOBA.

Chukua mfano wa karani wa ghala. Lori linaingia, magunia yanashushwa barazani, karani anamsainia dereva na kumruhusu aende zake. Ukimwona dereva anaondoka utadhani magunia yameshaingia. Kumbe bado yako barazani, na kwenye leja hayajaandikwa. Karani hajadanganya. Anajua atayaingiza akipata nafasi, na haoni sababu ya kumchelewesha mtu mwenye safari. Ni mpango mzuri, ila kwa kompyuta una kasoro moja: ghala lenyewe ni dogo kama kidole, na yeyote anaweza kulichomoa akaondoka nalo huku magunia yakibaki nje.

Baraza la kompyuta ni RAM. Inapokea data kwa kasi ya gigabaiti kadhaa kwa sekunde, wakati flashi za bei ya chini zinazouzwa juu ya meza za Kariakoo au River Road huandika megabaiti chache tu katika sekunde hiyohiyo. Kama mfumo endeshi ungengoja kila herufi ifike kwenye flashi ndipo ukurudishie skrini yako, kila ukihifadhi barua ungekaa unaitazama kompyuta iliyoganda. Kwa hiyo data inawekwa kwenye RAM, wewe unaambiwa tayari, na kazi ya kuandika inaendelea usipoiona. Kwenye Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida, msimamizi wa kazi hiyo huamka kila baada ya sekunde 5 na kupeleka diskini data iliyokaa zaidi ya sekunde 30. Nusu dakika ni muda mrefu. Mtu mwenye haraka huchomoa flashi, akaifunika, akaitia mfukoni na kufika mlangoni kabla haijaisha.

Ndiyo maana mtu anayenakili filamu ya gigabaiti 2 kwenye Linux anaweza kuona kazi imekwisha kwa sekunde chache, kisha akiomba kuitoa flashi akaambiwa asubiri, na akasubiri dakika kadhaa. Wengi hudhani hapo ndipo pana hitilafu. La. Hapo ndipo kompyuta inaposema kweli. Dirisha la kunakili ndilo lililowahi kushangilia.

Unapobofya Eject, au ile alama ndogo iliyo karibu na saa kwenye Windows, unaiagiza kompyuta mambo matatu kwa mkupuo: iingize kila kilichobaki barazani, ifunge leja, na isipokee mzigo mwingine wa ghala hilo. Ikimaliza inakujibu. Jibu ndilo la kungojea. Anayebofya na kuchomoa papo hapo hana tofauti na asiyebofya kabisa.

Mvutano huu wa kasi na ukweli ni wa zamani kuliko flashi. Machi 1993 Microsoft ilitoa MS-DOS 6.0 ikiwa na programu ndogo iitwayo SMARTDrive, ambayo iliharakisha diski kwa kuchelewesha kuandika. Watumiaji wa DOS walikuwa na mazoea yao: alama ya C:\> ikirudi kwenye skrini, kazi imekwisha, zima mashine. Sasa ikawa alama inarudi kabla data haijaandikwa, na waliozima papo hapo wakapoteza mafaili. Novemba mwaka huohuo likatoka toleo la 6.2. Ucheleweshaji ule haukuwashwa tena kwa kawaida, na kwa aliyeuwasha mwenyewe, alama ya C:\> ilizuiwa isirudi mpaka data iwe imeandikwa. Microsoft ilikuwa imekubali kwamba mtumiaji akiona dalili ya kazi kwisha, basi iwe imekwisha kweli.

Apple walikuwa wameligundua hilo mapema. Macintosh ya kwanza, ya mwaka 1984, haikuwa na kitufe cha kutolea disketi. Mota ilikuwa ndani, na kompyuta ndiyo iliyoamua disketi itoke lini. Wewe uliomba, mashine ikamaliza kuandika, disketi ikajitokeza yenyewe. Mashine ikigoma na disketi iko ndani, palikuwa na kitundu cha kupenyeza kibanio cha karatasi kilichonyooshwa. Walikosea kwenye picha tu: njia mojawapo ya kuomba disketi itoke ilikuwa kuiburuta hadi kwenye pipa la taka, palepale pa kutupia mafaili usiyoyataka, na mgeni wa Mac aliogopa, tena kwa haki, kwamba anafuta kazi yake yote. Kwenye Mac OS X pipa hilo hugeuka kuwa alama ya kutoa mara tu unapoanza kuburuta diski. Kwa maoni yangu hakuna kilichofuata kilichoushinda mpango ule wa 1984. Diski isiyoweza kutoka bila idhini haihitaji kuandikiwa sura ya kitabu.

USB ndiyo iliyorudisha uamuzi mikononi mwetu. Toleo lake la kwanza lilitoka Januari 1996, kazi ya pamoja ya kampuni saba zikiwemo Intel, IBM, Compaq, Microsoft na NEC, na lengo mojawapo lilikuwa vifaa viweze kuchomekwa na kuchomolewa mashine ikiwa inawaka. Ukichungulia ndani ya kichwa cha USB cha kawaida, kile bapa, utaona vipande vinne vya chuma vilivyolala sambamba. Viwili vya pembeni, vinavyopitisha umeme, ni virefu kidogo kuliko viwili vya kati, vinavyopitisha data. Ukichomeka, umeme hutangulia kufika. Ukichomoa, data hukatika kwanza na umeme huwa wa mwisho. Kwa hiyo kuchomoa ghafla hakuunguzi kompyuta. Hofu hiyo ilikuwa na maana enzi za kibodi za tundu la duara, ambazo hazikutengenezwa zichomolewe mashine ikiwa imewaka. Kwenye USB haina nafasi. Kipanya, kibodi, spika, kamera ya mikutano na chaja ya simu havina kitu chochote cha kuhifadhi. Vichomoe utakavyo. Printa nayo, ilimradi haiko katikati ya ukurasa.

Flashi ilikuja baadaye. Za kwanza ziliingia sokoni mwaka 2000, ikiwemo ThumbDrive ya kampuni ya Trek ya Singapore na ile ya megabaiti 8 iliyouzwa na IBM nchini Marekani. Tundu lililobuniwa kwa ajili ya vifaa visivyokumbuka kitu likaanza kupokea ghala zima, na kwa macho flashi haina tofauti na waya wa kipanya. Mtu aliyezoea kuchomoa kipanya angejuaje?

Oktoba 2018 Microsoft ikarudi nyuma kwa mara nyingine. Kuanzia Windows 10 toleo la 1809, vifaa vya kuhifadhia vya nje huwekwa kwa kawaida katika hali ya kutolewa haraka: Windows haicheleweshi kuandika, na kunakili huweza kuwa polepole kidogo. Miezi michache baadaye ikavuma habari kwamba amri ya kutoa kwa usalama haina kazi tena. Habari hiyo ni kweli nusu. Kwenye kompyuta yako mwenyewe, yenye Windows ya sasa, ukiwa umemaliza kunakili na hakuna programu inayogusa flashi, hatari ya kuchomoa ni ndogo sana. Lakini mwenye kompyuta anaweza kuibadili hali hiyo kwa ajili ya kasi, na anayekuja kuitumia baada yake hataona dalili yoyote. Mac na Linux nazo hazimo katika uamuzi huo wa Microsoft, na Windows 7 bado inaweza kukutwa katika baadhi ya maduka na ofisi. Flashi huzunguka. Inatoka nyumbani inakwenda shule, steshenari, kanisani, kwa jirani, na kila inapochomekwa inakuta karani mwingine.

Kuna wanaotegemea taa. Flashi nyingi zina kitaa kinachopepesa data inapopita, na ni kweli kwamba kuchomoa kikiwa kinapepesa ni kutafuta balaa. Kitaa kilichotulia, hata hivyo, kinaeleza hali ya flashi tu. Hakijui kilichobaki kwenye RAM.

Sasa tuje kwenye hasara yenyewe, maana watu hudhani itakuwa ni faili moja tu lililokatika. Flashi nyingi huuzwa zikiwa zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na kubwa zaidi kwa exFAT. Mifumo hii hutunza leja fupi mwanzoni mwa diski: faili gani linaanzia wapi, na vipande vyake viko wapi. FAT32 ni ya mwaka 1996, mrithi wa FAT ya miaka ya 1970. Haiwezi kubeba faili linalofika gigabaiti 4, na haina daftari la akiba la kuandika jambo kabla ya kulitenda. NTFS ya Windows, ext4 ya Linux na APFS ya Mac zina mbinu za kujirekebisha zikikatizwa katikati. FAT32 na exFAT hazina. Zikikatizwa leja ikiwa inaandikwa, unaweza kukuta faili lenye jina lakini lenye baiti 0, au folda iliyojaa majina ya alama zisizosomeka, au diski nzima inayoomba kufomatiwa upya.

Lililo baya zaidi liko ndani ya chipu. Kumbukumbu ya aina hii, iliyobuniwa na Fujio Masuoka akiwa Toshiba katika miaka ya 1980, haiwezi kuandikwa juu ya maandishi ya zamani. Ni lazima eneo lifutwe kwanza, na hufutwa kwa vitalu vikubwa. Kubadili mstari mmoja wa barua kunaweza kuilazimu flashi ihamishe data nyingine iliyolala kwenye kitalu hicho, ifute, kisha ipange upya, huku ikirekebisha orodha yake ya ndani ya kitu gani kimehamia wapi. Umeme ukikatwa hapo, kinachoumia kinaweza kuwa picha ya mwaka juzi ambayo leo hukuigusa kabisa. Katika dakika hiyo hata mfumo endeshi haujui kinachoendelea. Kazi iko kwenye chipu ndogo inayoisimamia flashi. Kwa hiyo hata ukishajibiwa kwamba unaweza kuchomoa, sekunde mbili tatu za ziada hazikupotezei kitu.

Diski ya nje ya kuzunguka, ile ya ukubwa wa kitabu kidogo ambayo watu huwekea maktaba ya filamu au nakala za kazi, ina matatizo yake. Sahani zake huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache. Umeme ukikatika ghafla, diski za kisasa hutumia nguvu iliyobaki ya mzunguko kukirudisha kichwa mahali pake, lakini hicho ni kitendo cha dharura, na kinachakaza kuliko kutua kwa kawaida. Itoe kwa usalama, halafu iache mezani mpaka mtetemo wake uishe ndipo uinyanyue. Watu wengi hutimiza hatua ya kwanza wakaisahau ya pili, wakaitia diski kwenye mkoba ikiwa bado inazunguka.

Kwetu sisi, mchomoaji mkubwa kuliko wote ni umeme wenyewe. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS ikizimika, kila kilichokuwa kwenye RAM kimekwenda, na hakuna amri yoyote ya kutoa ingekuokoa. Anayenakili vitu vya maana afadhali atumie kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa, na diski inayokula umeme kutoka kwenye USB. Diski kubwa zenye adapta yao ya ukutani hukatika umeme ukikatika hata kama mpakato wako unaendelea kuwaka.

Steshenari ni mahali pa kuangalia kwa makini. Mwanafunzi anamkabidhi kijana wa mashine flashi na kumwambia, "Kaka, naomba kopi mbili za hii ya juu." Kijana anaifungua kazi kwa Word moja kwa moja kutoka kwenye flashi, anachapa, anachomoa, anamrudishia, "Tayari dada," na mkono mwingine umeshapokea flashi ya mteja anayefuata. Hati bado iko wazi kwenye skrini. Word inapofungua hati huunda faili jingine dogo la siri pembeni yake, lenye jina linaloanza na ~$, na hulifuta hati inapofungwa. Ukiichomeka flashi yako kwenye simu ukakuta mafaili ya namna hiyo yamejaa, mara nyingi ni ushahidi wa mara ambazo ilichomolewa hati zikiwa wazi. Si virusi. Mwambie tu kijana, kwa upole, "Kaka, ifunge kwanza halafu uitoe." Wengine hupenda kazi inakiliwe kwenye kompyuta ya duka na kuchapwa kutoka huko. Flashi hapo inapumzika, lakini wasifu wako na nakala ya kitambulisho chako vinabaki dukani. Omba vifutwe, na pipa la taka limwagwe mbele yako.

Wakati mwingine unaomba kutoa na kompyuta inakataa: kifaa kinatumika. Huo si ukaidi, kuna mtu bado ameshika ufunguo wa ghala. Anza na Word, Excel au kicheza video kilichofungua kitu kutoka kwenye flashi. Kufunga hati kunaweza kusitoshe, ifunge programu nzima. Funga na dirisha linaloonyesha folda za flashi hiyo. Bado ikikataa, huenda antivirusi inaikagua, au Mac inaorodhesha yaliyomo ili uweze kuyatafuta baadaye, au inafanya nakala ya akiba. Ipe dakika chache. Diski iliyogawanywa sehemu mbili huonekana kama diski mbili, na zote mbili zinapaswa kutolewa.

Ikishindikana kabisa, zima kompyuta. Hapa pana mtego kidogo. Tangu Windows 8, ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa hazizimiki kikamilifu. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili ziwake haraka kesho yake. Shikilia kitufe cha Shift unapobofya amri ya kuzima, nayo itazima kweli. Kufunika tu kifuniko cha mpakato ni tofauti kabisa: kompyuta imelala, na yote iliyokuwa inayakumbuka bado inayakumbuka, flashi yako ikiwemo. Ukiichomoa, ukabadilisha mafaili kwenye kompyuta nyingine, kisha ukairudisha kwa ile iliyolala, itaamka ikiamini leja ya zamani.

Simu za Android zina utaratibu mwingine. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2011 Android ilianza kuachana na mtindo wa kuikabidhi kompyuta kumbukumbu yote. Siku hizi simu yenyewe ndiye karani. Kompyuta inaomba faili na simu inalitoa au kulipokea. Ndiyo maana huoni amri ya kuitoa kama ya flashi, na haihitajiki. Subiri tu kunakili kuishe. Memori kadi ya kamera, kwa upande mwingine, ni flashi kwa kila hali: kwenye kompyuta itolewe kama flashi, na kwenye kamera izimwe kamera kwanza, kitaa kikate, ndipo ufungue kimlango. Televisheni, sabufa na redio ya gari kwa kawaida husoma tu bila kuandika, kwa hiyo flashi ya nyimbo haina hofu kubwa humo, isipokuwa televisheni inayorekodi vipindi.

Na kama limeshatokea? Windows itakutolea ujumbe kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Kataa. Ujumbe huo maana yake leja haisomeki. Magunia yenyewe mara nyingi bado yamo. Usinakili kitu chochote kipya kwenye flashi hiyo, na usikimbilie amri ya Windows iitwayo chkdsk kabla ya kunusuru unachokihitaji, kwa sababu kazi yake ni kuiweka leja sawa, hata ikibidi kukata vipande vya mafaili. Tumia programu ya kufufua mafaili. PhotoRec ya Christophe Grenier ni ya bure, na hutafuta picha na hati kwa kutambua umbo la data yenyewe bila kuitegemea leja, japo majina ya mafaili hupotea. Inachookoa kihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye hiyohiyo. Diski ya kuzunguka ikitoa mlio wa kugonga, ichomoe uipeleke kwa fundi wa data bila kuijaribu tena. Kile ambacho tayari kimeandikwa juu yake kitu kingine, hakuna programu itakayokirudisha, iwe ya bure au ya kulipia.